Ngozi Nayo ni Shahidi

Simba wawili waliowaua wajenzi wa reli kule Tsavo mwaka 1898 wamesimama hadi leo katika makumbusho ya Field mjini Chicago, Marekani. John Henry Patterson, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo, aliwaua Desemba ya mwaka ule, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Kwa takribani miaka 25 iliyofuata, ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake. Makumbusho ilipozinunua pamoja na mafuvu mwaka 1924, kwa dola 5,000, ilipokea mali iliyochakaa: kingo zilikuwa zimepunguzwa ili zulia likae sawa sakafuni, na ngozi zenyewe zilikuwa zimechoka kwa kukanyagwa. Fundi akaunga, akashona, akaziba, akazivalisha kwenye maumbo ya simba. Walipotoka karakanani walikuwa wadogo kuliko walivyokuwa hai, kwa kuwa ngozi iliyokwisha kukatwa hairudi. Kwa mtu wa Same, mji wa Upare nchini Tanzania, habari hii si ya mbali. Hifadhi ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini, imepakana na Tsavo Magharibi, na wanyama wa nyika hiyo hawaujui mpaka wa Kenya na Tanzania. Swali linalozaliwa na simba hao ni la dini na maadili kabla halijawa la ufundi. Mtu anayeziba tundu kwenye ngozi ya mnyama aliyekufa, hadi jicho lisilione, anamtendea haki mnyama huyo, au anamnyang'anya kitu cha mwisho alichobakiwa nacho? Jibu langu ni kwamba inategemea tundu hilo lilitobolewa na nani, na lini. Na fundi ambaye hajauliza hivyo bado hajaanza kazi yake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe kwa karibu. Mzoga ukicheleweshwa kwenye joto kama la tambarare za Mkomazi, bila kuchunwa upesi na ngozi kutiwa chumvi, bakteria huanza kula tabaka ya juu na manyoya hunyonyoka kwa mafungu, hasa tumboni, masikioni na kuzunguka midomo. Kisu cha mchunaji nacho huteleza na kupasua pale ambapo ngozi ni nyembamba. Risasi huingia kwa tundu dogo na mara nyingi hutokea upande wa pili kwa tundu kubwa lenye kingo zilizochanika. Baada ya ngozi kusindikwa, fundi huilowesha mpaka ilainike, huigeuza upande wa nyama na kuikwangua ipungue unene kuzunguka jeraha. Tundu la duara hulikata upya lipate umbo la jani, lenye ncha mbili, kwa sababu duara likivutwa kwa uzi hufanya mikunjo, ilhali lenye ncha hufunga likalala. Hushona kwa ndani, mishono ya karibukaribu, kwa sindano yenye ncha ya pembe tatu na uzi uliopakwa nta, huku akisukuma kila unywele utoke nje usinaswe. Tundu likiwa kubwa mno hutafuta kiraka cha ngozi ya mnyama wa jamii hiyohiyo, chenye manyoya ya urefu na rangi ileile na, la muhimu kuliko yote, yanayolala kuelekea upande uleule. Kiraka kilichogeuzwa hata mtoto hukitambua. Pua na kope hufinyangwa kwa gundi nzito na kupakwa rangi, na macho huwa ya kioo. Zamani umbo la ndani lilijengwa kwa jasi, kama ile inayochimbwa Makanya. Siku hizi ni povu gumu la plastiki. Fundi hodari anaweza kulifanya jeraha lililoua lisipatikane hata kwa kupapasa. Uhodari huo nauheshimu kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo nasema lazima uulizwe unatumika kwa ajili ya nani.

Madhara yanayoikuta ngozi ni ya nyakati tatu. Kuna yale aliyoyapata mnyama akiwa hai. Patterson mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1907, alieleza kuwa ngozi ya simba wa kwanza ilikuwa imechanjwachanjwa na miiba ya maboma, kwa kuwa alipenya humo mara nyingi kuwafuata watu. Yeye aliihesabu kuwa ni dosari. Lakini michubuko ile ndiyo maisha ya simba huyo. Anayeifuta hatengenezi ngozi, anafuta habari. Kuna, pili, jeraha la kifo: risasi, mshale, mkuki, waya wa mtego. Na tatu kuna madhara ya baada ya kifo, yaani kisu kilichoteleza, chumvi iliyochelewa, wadudu wa ghalani, mkasi uliopunguza kingo za zulia. Haya ya tatu ni uzembe wetu sisi, wala hayamhusu mnyama. Kuyaziba kabisa, yasionekane tena, ni wajibu wa mtu aliyeharibu amana ya mwenzake, na hapo fundi anastahili sifa zote. Makosa huanza pale anapolitendea jeraha la kifo kama alivyoutendea mpasuko wa kisu. Juu ya meza yake yote mawili ni matundu, na sindano ni ileile. Lakini kuliziba moja kunamfunika mchunaji mzembe asionekane, na kuliziba jingine kunaondoa ushahidi wa tendo zito kuliko yote yaliyompata kiumbe yule.

Nasema ushahidi kwa makusudi, maana dini zinazofuatwa Same haziichukulii ngozi kuwa kitambaa tu. Mwislamu anayesoma Sura ya Fussilat hukutana, katika aya ya 20 na ya 21, na siku ambayo masikio, macho na ngozi vitatoa habari ya yale watu waliyoyatenda, na wenye ngozi hizo wataziuliza kwa mshangao kwa nini zimesema. Aya hiyo inahusu ngozi za binadamu, na sitaki kuivuta kupita inapofika. Lakini inatufundisha kuiona ngozi kama mahali ambapo matendo hukaa bila mwenyewe kuyafuta. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imeshughulika sana na twahara ya ngozi: wanazuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, wanasema ngozi ikisindikwa hutwaharika isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na wapo wanaozuia kutandika ngozi za wanyama wakali kwa kuifuata hadithi iliyokataza. Hayo ni maswali ya mtumiaji: naweza kuikalia, naweza kuiswalia? Swali la ukweli wa ngozi, yaani inasema nini na nani ameizuia isiseme, limebaki nyuma.

Kwa upande wa Wakristo, Walutheri wa Dayosisi ya Pare na Wasabato walioanza kazi yao katika milima ya Pare mwaka 1903 wote husoma sura ya 27 ya Mwanzo, ambamo Yakobo anavaa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili baba yake kipofu apapase manyoya na kudhani ni Esau. Ngozi ile haikuwa na kosa; kosa lilikuwa katika kuipanga imwambie Isaka jambo ambalo halikuwa. Na mwisho wa Injili ya Yohana unampeleka msomaji mbali zaidi. Mwili wa Yesu uliofufuka, ambao kwa imani ya Kikristo ndio ukarabati mkamilifu kuliko wowote, bado ulikuwa na alama za misumari na ubavu uliochomwa, na Tomaso akaitwa aziguse. Aliyeweza kuziondoa hakuziondoa. Mtu anayeshikilia kuwa uzuri ni lazima uzime jeraha ana kazi ya kuueleza ukurasa huo.

Hapo hujitokeza pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu: simba si mtu. Amekufa, haoni haya, haumii, hana mrithi wa kudai fidia. Haki gani tena? Najibu kwamba dini zenyewe haziukubali wepesi huo. Sura ya al-An'am, aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni mataifa mfano wetu, ambao watakusanywa kwa Mola wao, na hadithi iliyo katika Sahihi Muslim inasema hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe. Mahakama inayosikiliza shauri la mbuzi haiwezi kuwa haina haja na tundu la risasi. Na kwa msomaji asiyetaka kuegemea maandiko, uko ushahidi wa porini. Mtego wa waya ukimnasa mnyama mguuni naye akaukata na kuondoka nao, waya hula ngozi pande zote na kuacha mduara ambao manyoya yake, yakiota tena, mara nyingi huota meupe. Mduara ule ni hati ya ujangili. Mkomazi ilikwisha kupoteza faru wake wote kwa majangili kabla wengine hawajaletwa na kutunzwa ndani ya uzio. Hifadhi yenye historia hiyo inapaswa kuwa ya mwisho kukubali mduara wa waya upakwe rangi ya manyoya ya jirani. Mnyama hana haja ya kuona haki hiyo ikitendeka ili iwe haki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wenye adabu. Wanasema: maiti husitiriwa. Muosha maiti wa Kiislamu ameamriwa afunike aibu aliyoiona mwilini na asiitangaze. Jamaa wa Kikristo hufunga jeneza iwapo uso umeharibika. Kwa nini basi mnyama asimamishwe mbele ya watoto wa shule na tundu lake? Je, huko si kumdhalilisha mara ya pili? Nimelitafakari neno hili kuliko yote, na naliona lina ukweli kwa binadamu anayekwenda kaburini. Sitara humlinda maiti mwenyewe: aibu ni yake, kwa hiyo kufunikwa ni kwa faida yake, kisha udongo unamaliza. Mnyama aliyekaushwa hapelekwi kaburini. Anapandishwa jukwaani, anawekewa taa, na watu wanalipa kiingilio. Kuuliza kama jeraha lifunikwe ni kuuliza aibu ya nani inafunikwa, na simba hana aibu ya kupigwa risasi. Sheria hiyohiyo ya mazishi, tena, ina mlango wake wa pembeni ambao wenye pingamizi hili hawautaji: aliyekufa shahidi vitani haoshwi. Huzikwa na damu yake, kwa kuwa jeraha lake lina la kusema mbele ya Mola. Dini inayojua kusitiri inajua pia wakati ambapo kusitiri kungekuwa dhuluma. Nakubali kwamba tundu halihitaji kuachwa likiwa wazi na linatisha. Lishonwe, lisafishwe, lisikae kama kidonda kibichi. Ninalolikataa ni lishonwe hadi lisahaulike.

Wengine husema kila mtazamaji anajua kuwa ameona kazi ya mikono, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Anajua kwamba macho ni kioo, ni kweli. Hajui jambo jingine lolote. Carl Akeley, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa ufundi huu wa kisasa, aliwaua masokwe katika milima ya volkano ya mashariki ya Congo mwaka 1921 nao wakapangwa New York kama kundi lililo hai kwenye mlima wao, na mamilioni wamewatazama bila kuona kifo popote. Huyo huyo Akeley aliguswa na alichokitenda hata akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji atenge mbuga ya kuwalinda, iliyoanzishwa mwaka 1925, nayo ndiyo Virunga ya leo. Alifia hukohuko mwaka 1926. Majuto yake yaliingia kwenye sheria, lakini ndani ya kioo cha maonyesho hayaonekani. Na tusisahau ufundi huu ulifika wapi ulipoachwa bila maswali. Mwili wa mwanamume Mwafrika uliofukuliwa kaburini kusini mwa Afrika katika karne ya 19, ukakaushwa na mafundi Wafaransa, ulionyeshwa Banyoles nchini Hispania mpaka mwaka 1997, na ukazikwa Gaborone mwaka 2000. Simlinganishi mtu na simba. Nasema tu kwamba kwa vizazi kadhaa wapita njia waliona kazi safi na hawakuona wizi wa kaburi, kwa sababu kazi ilikuwa safi.

Kutoka hapo wapo wanaotaka ufundi wote uachwe na ngozi zote zizikwe. Nawaelewa, na kuhusu kuua mnyama mpya kwa sababu ya kujaza ukumbi nakubaliana nao moja kwa moja. Upare wenyewe unaonyesha kwamba masalio ya wafu yanaweza kutunzwa bila kuigiza uhai: katika misitu ya matambiko ya Upare wa Kaskazini koo zilihifadhi mafuvu ya wazee wao, na hakuna aliyefikiri kuyavalisha nyama ya udongo ili yaonekane yanacheka. Heshima ilikuwa katika kuyaacha yawe yalivyo. Lakini ngozi iliyokwisha kuwapo, ya mnyama aliyekwisha kufa, tukiizika tumeinyamazisha kuliko fundi yeyote. Mafuvu ya simba wa Tsavo ni hoja kubwa hapa. Mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika na usaha kwenye taya. Katika mianya ya meno yao yaliyovunjika uchafu ulijikusanya na ukaachwa, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa nywele zilizotolewa humo zilikuwa na vinasaba vya twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu. Angetokea fundi mpenda usafi akaisugua mianya ile na kuiziba kwa saruji ili meno yapendeze, kesi ya Tsavo ingebaki na maneno ya Patterson peke yake, ambaye aliwahi kuandika kuwa waliouawa ni 135, ilhali uchunguzi wa kemia ya mifupa na manyoya uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria watu kama 35. Thelathini na tano ni wengi mno. Ni haki yao pia kuhesabiwa bila chumvi.

Jinsi ya kushona bila kufuta si fumbo. Mwitalia Cesare Brandi, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ukarabati wa kazi za sanaa, alitaka kiraka kisimsumbue anayetazama kwa mbali, lakini anayesogea akitambue mara moja. Kibuyu kilichopasuka kikashonwa kwa uzi hubeba maziwa vilevile, na mshono wake hauonewi haya na yeyote. Kwa ngozi, maana yake ni kwamba mpasuko wa kisu ufichwe kabisa, makovu ya maisha yasiguswe, na jeraha la kifo lifungwe kwa mshono ambao mtu akiinama atauona, huku kila kiraka kikiandikwa kimetoka wapi. Makumbusho za Ulaya zimekwisha kuonyesha kuwa ukweli huo hauharibu onyesho. Mwaka 2011 wezi walipovamia kumbi nyingi kutafuta pembe za faru, wale walioingia makumbusho ya Tring nchini Uingereza waliondoka na pembe za bandia, kwa kuwa za kweli zilikuwa zimeondolewa mapema. Pembe ya bandia inayotajwa kuwa ni ya bandia haimdhulumu faru wala mtazamaji. Ile isiyotajwa inafundisha uongo kila siku ya kufunguliwa mlango.

Limebaki neno la riziki. Mteja wa fundi mara nyingi ni mwindaji aliyelipa fedha nyingi kwa kibali, na anataka mnyama asiye na doa. Fundi akikataa, mwingine atakubali. Sioni aibu kumwambia fundi huyo kwamba anaweza kushona atakavyo mteja na bado akaandika upande wa nyama, kwa wino usiofutika, risasi iliingia wapi na ikatokea wapi. Haimpotezei shilingi. Tena kwa sheria yetu ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 ngozi ya mnyama pori ni nyara, haikai mikononi mwa mtu bila hati; kuongeza mistari michache ya ukweli kwenye hati iliyopo tayari si mzigo. Ngozi isiyojulikana ilikotoka iandikwe hivyo hivyo, kwamba haijulikani.

Na kama siku moja Mkomazi itasimamisha simba aliyekaushwa pale Zange, kadi yake iwe ya Kiswahili kwanza, na imtaje pia mfugaji. Wafugaji na wakulima wanaoishi kuizunguka hifadhi wanamjua simba na tembo kwa hasara, na mara nyingi mnyama anayeuawa karibu na vijiji huuawa baada ya kuingia zizini. Mtu aliyepoteza ng'ombe hataisoma kadi kama mtalii. Huenda akaliona lile tundu kuwa ni haki iliyochelewa, na ana sababu. Simba aliyelainishwa hadi akawa hana jeraha anamfuta na yeye: hakuna ndama aliyeliwa, hakuna aliyekesha bomani, hakuna aliyetembea usiku kwenda kumwita askari wa wanyamapori. Kadi ieleze simba alikufa wapi, kwa silaha gani na kwa kosa gani alilodaiwa, na ieleze nani alipoteza nini kabla hajafa.